Pita, wrapu, naan au chapati: mkate upi wa kukausha kwa kuchovya, Kisumu?

Tukubaliane jina kwanza, maana ukiagiza chipsi mjini Kisumu utaletewa viazi. Tunachopima hapa ni mkate bapa uliokatwa pembetatu, ukapakwa mafuta kidogo na kuokwa hadi ukauke kau, tayari kuchovywa kwenye parachichi iliyopondwa, humusi, ndengu nzito au mtindi wenye kitunguu saumu. Tuziite krispi. Oveni kazi yake ni kufukuza maji tu. Kama utapata krispi au kipande cha ngozi, hilo huamuliwa na mkate uliochukua dukani.

Mikate bapa ambayo mtu wa Kisumu huipata bila kuhangaika ni minne: pita ya pakiti na wrapu (mkate mwembamba wa kufungia chakula) kwenye rafu za supamaketi, naan kwenye mikahawa ya Kihindi, na chapati kila kona.

Pita yenye mfuko ndiyo ya kwanza, na inashinda kwa umbo. Huokwa kwa moto mkali, nyuzi 230 kwenda juu. Maji yaliyo kwenye donge hugeuka mvuke kwa ghafla, mkate unafura kama puto, na ukipoa unabaki na tabaka mbili zisizoshikana. Ipasue ukingoni kwa ncha ya kisu upate duara mbili, kila moja na unene wa milimita 2 hivi, laini kwa nje na yenye kukwaruza kwa ndani. Huo mkwaruzo ndio unaolipia: chumvi na mafuta vinashika hapo, na unachochovya pia kinashika hapo badala ya kuteleza. Isitoshe, pita ya kawaida ni unga, maji, hamira na chumvi. Mafuta ni kidogo au hakuna, kwa hiyo inakauka sawasawa kutoka katikati hadi ukingo.

Ila si kila kinachoandikwa pita kina mfuko. Kuna ile nene ya kufungia nyama, mtindo wa Kigiriki, ambayo haipasuki. Utazitofautisha ukiwa bado dukani: bana ukingo kupitia plastiki kwa vidole viwili, usugue taratibu. Yenye mfuko utahisi ngozi mbili zikiteleza. Isiyo na mfuko ni kama umebana sponji. Kisha soma viambato. Vinaandikwa kwa uzito, kizito kikitangulia, kwa hiyo sukari ikijitokeza mara tu baada ya unga na maji, jua kwamba kingo zitakuwa nyeusi kabla ya katikati kukauka. Pakiti yenye matone ya maji kwa ndani iache. Kwa joto la Kisumu ukungu hauko mbali. Lakini usikimbilie iliyotoka kuokwa asubuhi. Pita ya jana au juzi, imara kidogo ukiikunja, ina maji machache na inakatika bila kujikunja kwenye kisu. Supamaketi ikiishushia bei kwa sababu tarehe inakaribia, na haina doa la ukungu, hiyo ndiyo yako.

Pita ya unga wa atta (ngano isiyokobolewa) ina ladha nzuri inayokaribia njugu, ila pumba hukata nyuzi za donge, kwa hiyo krispi zake huvunjikia kwenye bakuli. Zitumie kwa vitu vyepesi.

Wrapu ni ya pili kwa mbali. Ni nyembamba tayari, haihitaji kupasuliwa, na moja ya sentimita 25 inatoa vipande 12. Shida yake ni kwamba imetengenezwa isikauke: huwa na mafuta ndani ya donge, na nyingi huongezwa gliserini ya kushikilia unyevu ili ikunjike bila kupasuka. Wewe unataka kinyume cha hayo. Hukubali kukauka, dakika 7 hadi 9 kwa nyuzi 175, lakini hufura mapovu usipoidunga kwa uma, na mwishowe ina ladha ya biskuti isiyo na sukari. Usiipake mafuta kama pita. Kijiko kimoja cha chai kwa kila duara kinatosha kushikisha chumvi.

Naan tuseme ukweli: ni mkate mzuri uliokosea mlango. Donge lake lina mtindi au maziwa, na unene hufika hata sentimita 1, kwa hiyo juu panaiva rangi wakati ndani bado panatafunika. Ukishaamua ni naan, agiza isiyopakwa samli wala kitunguu saumu (kitunguu kitaungua na kuwa kichungu), uikate vijiti vya upana wa kidole, uikaushe polepole kwa nyuzi 150, dakika 20 hadi 25, ukigeuza mara moja. Utapata kitu kigumu kinachostahimili dal nzito (mchuzi wa dengu wa Kihindi) bila kuvunjika. Hapo tu ndipo inaipita pita.

Sasa chapati, ambayo ndiyo kila mtu huuliza, maana iko kibandani kwa shilingi chache na jana zilibaki mbili. Jibu ni hapana, na sababu yake ndiyo ile inayoifanya chapati yetu iwe tamu. Donge linakandwa na mafuta, linasukumwa, linapakwa mafuta tena, linazungushwa kama konokono na kusukumwa upya, kisha linakaangwa. Zile tabaka zimefungiwa mafuta na unyevu katikati. Ukiitia kwenye oveni, tabaka ya juu inakauka na kubabuka, za ndani zinabaki na unyevu uliokosa pa kutokea, na ikipoa inavutika kama ngozi. Ukiongeza muda inakuwa ngumu ya kuumiza jino, na mafuta yaliyopata moto mara ya pili yanatoa harufu nzito. Chapati ya maji ndiyo usiijaribu kabisa. Yai na sukari vinaungua upesi.

Kinachowezekana ni chapati uliyoipika kwa kusudi hilo. Unga vikombe 2, chumvi nusu kijiko cha chai, maji vuguvugu robo tatu ya kikombe ukiongeza kidogo kidogo, na mafuta kijiko kimoja cha mezani, basi. Usizungushe konokono. Sukuma hadi unene wa milimita 2, pika kwenye kikaango kikavu sekunde 40 kila upande, acha zipoe zikiwa zimetandazwa (ukizirundika zinatoa jasho), kata, kisha oka kwa nyuzi 160 dakika 18 hivi. Zinakaribia khakhra ya Wagujarati, ambayo ni chapati nyembamba iliyokaushwa tayari. Ukiiona khakhra kwenye duka la Kihindi na huna muda, inunue uache oveni ipumzike.

Turudi kwa pita, kwa vipimo. Pita 4 za upana wa sentimita 16, ukizipasua na kukata kila duara mara nane, ni vipande 64. Havitoshi kwenye sinia moja ya sentimita 30 kwa 40 bila kupandana, kwa hiyo oka kwa awamu mbili. Mafuta ni vijiko 2 vya mezani kwa zote, chumvi laini nusu kijiko cha chai. Paka kwa brashi upande wenye mkwaruzo kabla ya kukata. Ni haraka kuliko kupaka vipande. Tumia mafuta ya maji, ya alizeti kwa mfano. Mafuta ya kuganda huganda tena krispi zikipoa na kuacha utando kama nta mdomoni.

Panga mkwaruzo ukiangalia juu, sinia katikati ya oveni iliyokwisha kufika nyuzi 180. Oveni nyingi za gesi za nyumbani zina moto zaidi nyuma, kwa hiyo geuza sinia dakika ya 6. Anza kuchungulia dakika ya 9. Kufikia ya 12 ziwe na rangi ya maganda makavu ya mahindi. Zitoe hata kama ya katikati bado inapinda kidogo, kwa sababu ugumu huja zikipoa, dakika 10 hivi juu ya wavu. Unga wa kitunguu saumu na pilipili nyunyiza zikiwa zimetoka tu, si kabla.

Zikitoka zinavutika, ulizirundika na mvuke ukakosa njia: zirudishe kwa nyuzi 150 dakika 5. Ncha zikiungua na mwili ukiwa mweupe, moto ulikuwa mkali. Ncha za pembetatu ni nyembamba na huungua upesi, kata miraba badala yake. Zikiwa na mafuta yanayong'aa vidoleni, brashi ilizidi, na hilo halina dawa.

Asiye na oveni atumie sufuria kubwa nzito yenye mchanga mkavu wa sentimita 2 chini, sahani ya bati juu ya mchanga, vipande safu moja, mfuniko, na makaa machache juu ya mfuniko. Acha mwanya mdogo mvuke utoke. Idadi ni ndogo kila awamu, na macho yasitoke hapo.

Kisumu, hasa kati ya Machi na Mei, hewa ina unyevu wa ziwa na mvua, na krispi zilizoachwa kwenye bakuli zinalegea jioni hiyohiyo. Mkebe wenye kifuniko kinachobana, zikiwa zimepoa kabisa kwanza. Nakuru iko juu zaidi, kama mita 1,850 dhidi ya 1,130 za Kisumu, na hewa yake ni kavu zaidi. Huko anza kuchungulia dakika mbili mapema.

Kuhusu bakuli: pita inabeba humusi, ndengu iliyopondwa na siagi ya njugu iliyolainishwa kwa ndimu. Wrapu iachie kachumbari iliyokatwa ndogo na parachichi laini. Naan, dal. Mrenda na ubaki na ugali wake. Hakuna krispi itakayofika nao mdomoni.