Karakana ya droni Kikwajuni: wanasoma kwanza, wanafungua baadaye

Nilipanda boti Mkoani alfajiri, droni nimeipakata ndani ya ndoo ya rangi iliyozungushiwa kanga mbili, maana begi lake lilishakatika mkanda. Nilikuwa naipeleka kwenye karakana moja ya Kikwajuni, mjini Unguja, ghorofa ya pili, isiyokuwa na kibao mlangoni. Naiandikia tathmini hii kwa sababu wenzangu wa Pemba wanaorusha droni, wapima ardhi na wapiga picha za harusi, wananiuliza kila siku nani wa kumwamini na chombo chao.

Mimi napiga picha za mabonde ya mpunga kutoka juu, wenye mashamba wapate kujua maji yamesimama wapi na mche umekufa wapi. Droni yangu si ya dukani, ni ya kuunga: mota nne, mapanga ya inchi 10, na programu ya kuirusha ni ArduPilot, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Nimeitumia misimu mitatu na imenisomeshea mdogo wangu.

Juni hii, juu ya bonde moja upande wa Konde, niliisimamisha mita 60 kutoka ardhini. Mara ikaanza kupanda yenyewe. Sikugusa kitu. Ikafika 70, ikafika 80, ikapita 90, na chini kuna kina mama wanapalilia. Moyo ulinipaa. Niliiteremsha kwa mkono pole pole, na nilipofungua picha nikakuta matuta ya mpunga yamejikunja mawimbi mawimbi, hakuna hata moja ya kumpa mtu.

Si mara ya kwanza kusumbua. Aprili ilivunjika mkono mmoja, ule wa nyuma kushoto, na duka jengine (silitaji) likaniwekea mkono mpya wa bomba jembamba. Ilipoanza kutikisika wakaniambia mota ya mkono ule imekufa. Nikanunua mota, shilingi 85,000. Haikusaidia. Wakaniambia hiyo mpya nayo ni feki, nilete nyengine. Nikaleta. Kwa hiyo nafika Kikwajuni na mota ya tatu mfukoni, nimeshakata tamaa, niko tayari kuambiwa ninunue ya nne.

Fundi ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo ami, akaitika, akanipisha kiti. Droni akaiweka mezani asiishike tena kwa muda wa saa nzima. Alichotaka ni ile kadi ndogo iliyomo ndani, inayoandika kila kitu chombo kinapokuwa angani. Akaichomeka kwenye laptopu, akaniita nisogee nione mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa amri zinazokwenda kwenye mota. Zinaandikwa kwa namba, kuanzia 1,000 mpaka 2,000; 1,000 ni kimya, 2,000 ni nguvu zote. Akanieleza kwamba mota ikidhoofika, ubongo wa droni huiongezea amri ili chombo kisilale upande. Kwa hiyo mota yangu ya nyuma kushoto ingekuwa mgonjwa, mstari wake ungepanda kuwapita wenzake. Zangu zote nne zilikuwa baina ya 1,520 na 1,560, zimekumbatiana. "Mota haina kosa, mwanangu," akasema. "Zote ulizonunua hazikuwa na kosa." Nilinyamaza. Laki na sabini yangu ilikuwa imejibiwa na mchoro mmoja, na mchoro huo ulikuwemo kwenye kadi tangu Aprili.

Mchoro wa pili ndio uliosema kweli. Huu ni wa mtikisiko. Watengenezaji wa ArduPilot wanaeleza kwamba chini ya mita 30 kwa sekunde kwa sekunde kwa kawaida hakuna tabu, na ukipita 60 karibu kila mara kuna matatizo. Yangu ilikuwa 22 ikiruka bila ya kamera. Ikibeba kamera na kusimama hewani, 71. Lakini ikienda mbio, inashuka tena mpaka 35. Fundi akakiweka kidole kwenye kilele kile akakiacha pale. Beringi mbovu, akasema, kelele zake huzidi kadiri mota inavyozidi kuzunguka. Hii inachagua mwendo. Akanipa mfano wa kamba ya tanga: upepo wa kiasi fulani huivumisha mpaka mlingoti mzima utetemeke, upepo ukizidi kamba inanyamaza. Mkono wangu mpya ulikuwa ile kamba. Na mtikisiko ukishakuwa mkubwa hivyo, vihisi vinavyopima mwendo vinadanganyika, ubongo unaamini chombo kinazama, unaongeza nguvu. Ndiyo maana ilipanda.

Niliporudi nyumbani nilikaa usiku kutafuta kama haya yana elimu yake, na yanayo, tena ya zamani. Mwaka 1971 pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, Richard Beard aliandika tasnifu juu ya namna ya kugundua hitilafu ndani ya mtambo wenyewe. Kompyuta inabeba picha ya jinsi chombo kinavyopaswa kuitikia, inalinganisha na kinachopimwa, na ile tofauti, ikipangwa vizuri, haisemi tu kwamba kuna ubovu bali inaelekea upande wa kifaa kilichoharibika. Fundi wa Kikwajuni hafanyi hesabu zile. Anafanya jambo lile lile kwa macho: anajua mistari minne inatakiwa ikae vipi, anauliza kwa nini mmoja umetoka, au kwa nini haukutoka. Mwaka 2014 Mark Mueller na Raffaello D'Andrea wa chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, walionesha kwamba droni ya mapanga manne inaweza kubaki hewani hata ikipoteza moja, mawili, na hata matatu, kwa kukubali kuzunguka kama pia na kuacha kuchagua inatazama wapi. Video yake niliitazama mara nne mfululizo.

Na kwetu sisi watu wa visiwani haya si mambo ya kuchezea. Tarehe 6 Novemba 1986, karibu na visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskochi, helikopta aina ya Chinook iliyokuwa ikirudisha wafanyakazi wa mafuta ilianguka baharini, wakafa watu 45, kwa sababu gia moja ya kugawa nguvu ilikuwa na ufa wa uchovu wa chuma. Baada ya hapo, miaka ya tisini, helikopta za bahari ile zilianza kufungwa vifaa vya kusikiliza giaboksi zikiwa angani. Kila ninapopanda ndege ndogo ya injini moja kuja Unguja, na chini kuna maji meusi matupu, naomba Mungu mtu awe anasoma namba za injini ile kama fundi huyu alivyosoma zangu.

Turudi mezani. Ili kuhakikisha, alitaka kuusikia mkono wenyewe. Akamwambia kijana wake azime pangaboi la juu, tukakaa kwenye joto lile. Ikaanza adhana ya alasiri, tukangoja imalizike, maana simu ingeirekodi. Kisha mimi nikaishika fremu kwa mikono miwili juu ya kanga iliyokunjwa, yeye akaugonga mkono kwenye ncha, pale penye mota, kwa kipini cha bisibisi. Ngo. Mara tano. Simu ikaonesha mitetemo 91 kwa sekunde. Akafungua tena faili la safari: mota zangu, zikibeba kamera, zinazunguka mara 90 kwa sekunde. Akanitazama tu. Hata asiyesoma skuli angeelewa. Ile mikono mitatu ya zamani aliigonga pia, ikatoa 120 na kitu.

Mkono wa asili hauuzwi tena, kwa hiyo ilibidi autengeneze huu uliopo, na hapa nataka nieleze kwa urefu kwa sababu ndipo kazi yake ilipo. Hakukimbilia kuuvisha chuma. Aliniambia kuna shimo mbili za kuepuka: 90, ambayo ni mzunguko wa mota, na 180, kwa kuwa kila panga lina ncha mbili na kila ncha inapopita juu ya mkono inaupiga. Mkono unatakiwa uishi katikati, mbali na zote mbili. Ukiukaza sana kwa kuujaza plastiki, unaongeza uzito, betri inakwisha mapema, na uzito ukiwa kwenye ncha unaurudisha mkono chini kule kule. Nyama iwe shinani, ncha iachwe nyepesi, kama mnazi.

Akachora koti la plastiki la kuvaa kwenye shina la mkono, akalichapisha kwa printa ya 3D, akalipima uzito, akaugonga mkono, akaandika kwenye daftari la mraba. La kwanza gramu 38. Lilifaa lakini akalikataa kwa uzito. La pili alilitoboa matundu pasipobeba mzigo. La tatu gramu 22, mitetemo 131. La tano gramu 14, mitetemo 128. La sita aliliteremsha mpaka gramu 11, akalibinya kwa kidole gumba likapasuka mbele yangu. "Basi jibu ni la tano," akasema. Mbavu za ukingo wa mbele wa mbawa za Airbus A380 zilipatikana kwa fikra hiyo hiyo, ila kule kompyuta ndiyo iliyoondoa chuma kidogo kidogo pasipokuwa na mzigo. Halafu, jambo ambalo mimi nisingelikumbuka, akaisogeza betri milimita 2 upande wa pili ili gramu 14 zile zisiivute droni.

Tulirusha asubuhi yake kwenye uwanja wa wazi, kibali changu mkononi, kamera imefungwa. Mtikisiko wa kusimama hewani: 19. Muda wa kuruka umepungua kwa chini ya dakika moja. Picha zimenyooka, unaweza kuhesabu mashina.

Bei: kusoma faili shilingi 35,000, koti na majaribio yote 60,000. Makoti matano yaliyoshindwa hakunitoza, nilimuuliza mara mbili.

Sasa yale yasiyonifurahisha. Simu yake haipokelewi kabla ya adhuhuri, na kwa mtu anayevuka bahari hilo ni kubwa. Mimi nilikaa kwa shangazi, mtaa wa Mwanakwerekwe, siku tisa, na mbili kati ya hizo zilipotea kwa kungoja tu. Ngazi ni za mwinuko mkali na giza, ukiwa na mzigo chukua mtu. Risiti hupati mpaka uiombe, na ni ya kuandikwa kwa mkono. Pia droni za kiwandani ambazo faili zake zimefungwa kwa siri hazichukui. Atakwambia wazi kwamba asichoweza kukisoma hakitengenezi kwa kubahatisha. Wapo watakaoudhika. Mimi niliona ni uaminifu. Nimempa nyota nne, na ya tano naizuia kwa ajili ya simu tu.

Ukienda, nenda na kadi yako yenye safari za zamani, zile za kabla ya ubovu hasa. Anazihitaji ili ajue chombo chako kikiwa kizima kinasema vipi. Zangu amezihifadhi, na kila baada ya safari kumi namtumia faili jipya kutoka Wete.

Wiki iliyopita nilituma la safari ya 43. Kwangu mimi droni ilikuwa salama kabisa, wala sikusikia lolote. Jibu lake lilikuja usiku: "Mota namba 3, ya mbele kushoto, beringi imeanza kusema. Inazidi na mwendo, si kama ile. Bado ina muda. Maliza bonde lako, uilete na boti ya mwezi ujao."