Kantata ya Pasaka Thomaskirche, Leipzig: utenzi mmoja, beti saba

Nimeimba sauti ya nne, yaani bass, ile nzito ya kiume, kwenye kwaya ya usharika wetu Moshi miaka kumi na moja, kwa hiyo nilipokuja Leipzig, Ujerumani, kusoma, kanisa la Thomaskirche ndipo nilipotaka kufika kwanza. Wamisionari wa Kilutheri waliokuja Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na misioni ya mji huu. Na mtunzi wa muziki Bach alifundisha kwaya ya kanisa hili kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750.

Jumamosi saa tisa alasiri kuna ibada ya muziki, wenyewe wanaiita Motette. Mlangoni unanunua kijitabu cha ratiba kwa euro chache tu, na hicho ndicho kiingilio chako. Wahi. Mimi nilifika saa nane na nusu nikakuta viti vya katikati vimeshajaa. Waimbaji wako juu kwenye roshani ya nyuma, kwa hiyo sauti inakujia kisogoni huku umetazama altare, na huko mbele sakafuni kuna bamba la shaba la kaburi la Bach mwenyewe.

Ilikuwa wiki ya Pasaka, wakaimba kantata ya Bach, yaani utunzi mrefu wa waimbaji na vyombo, iitwayo Christ lag in Todes Banden. Maneno ni ya Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, ya mwaka 1524, yanasimulia Kristo alivyolala katika vifungo vya mauti na kuvikata. Bach ameziimbisha beti zote saba bila kubadilisha neno, zote kwa ufunguo uleule, kila ubeti ukiishia na Haleluya. Ungedhani itachosha. Haichoshi hata kidogo, maana kila ubeti ameuvika vazi lake.

Ubeti wa pili, sauti ya kwanza na ya pili wanapokezana neno moja, "den Tod", mauti, wakishuka nusu hatua polepole, kama watu wanaoteremsha jeneza. Wa tatu ni wa tenor, yaani sauti ya tatu, fidla zinakimbia bila kupumzika, mpaka anapofika kwenye "nichts", yaani hakijabaki kitu. Hapo muziki wote unakatika. Kimya. Mama mmoja mzee jirani yangu aliacha hata kujipepea na kijitabu chake. Kisha wanaendelea taratibu: kilichobaki ni sura tu ya mauti.

Lakini mimi ni mtu wa bass, na ubeti wa tano ndio ulionimaliza. Luther anamtaja Mwanakondoo wa Pasaka aliyeokwa kwa upendo wa moto. Bass akifika kwenye "Tode" anaporomoka kutoka juu hadi chini kabisa, shimoni, halafu muda si mrefu anapanda na kushikilia noti moja ya juu, ndefu, kwenye neno "Würger", yule muuaji asiyeweza tena kutudhuru. Nimefanya mazoezi ya mporomoko huo chumbani kwangu wiki nzima. Ile noti ya chini bado sijaipata safi.

Kantata yenyewe ni kama dakika ishirini. Ubeti wa saba ni korali, yaani wimbo wa kanisa, ya sauti nne, haina pambo lolote, na kwaya yoyote ya usharika inayosoma nota inaiweza. Nimeshaiandika kwa do-re-mi na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Alhamisi wanaanza na sauti ya nne.