Bustani ya kuchuja maji ya mvua: kwa matope iko vizuri, kwa fosforasi soma kwanza

Nimeitumia hii kitu misimu miwili ya mvua ndo nimeona niandike, maana watu wa huku ziwani wanaiulizia sana na wengi wanauziwa kwa macho tu.

Mimi nina nyumba ya wageni Ggaba, hapa Kampala ukingoni mwa Ziwa Victoria, vyumba sita, kiwanja kimeinama kuelekea ziwani, nyuma kuna banda la kuku na sehemu ya kufulia mashuka. Mvua ya Aprili ikishuka, maji ya paa na ya uani yanabeba udongo mwekundu, mavi ya kuku na mabaki ya sabuni, yote mtaroni, mtaro mpaka ziwani. Na ziwa letu mnalijua, kuna siku upepo ukivuma kuja huku maji ya ukingoni yanakuwa kijani kama rangi ya kupaka ukuta, harufu inaingia mpaka vyumbani, na ni hiyo hiyo ghuba ya Murchison ambayo mitambo ya Ggaba inachota maji ya kusafishia watu wa Kampala wanywe. Ule ukijani ni mwani, na mwani unalishwa na fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye udongo, mavi na mbolea. Najua mtaro wa Nakivubo, ule mkubwa unaoleta maji machafu ya mjini ziwani, unamwaga nyingi kuliko uani kwangu mara elfu, lakini ya kwangu ni yangu na iliniuma.

Basi nikaita kampuni moja ya hapa mjini, jina naliacha. Wakachimba shimo kama futi 12 kwa 8, chini kokoto na paipu yenye matundu, juu yake mchanga, halafu tabaka nene la udongo uliochanganywa na mboji, juu wakapanda maua na majani. Mbele ya hiyo wakaweka kashimo ka kutulizia matope. Kazi safi, vijana wana heshima, wanafika kwa wakati, usafi walifanya wenyewe. Mvua ya kwanza kubwa nilisimama na mwavuli nikaona maji yanaingia mekundu kama chai ya maziwa, upande wa pili yanatoka meupe kabisa. Nilifurahi jamani, nikapiga picha nikatuma kwa ndugu wote.

Sasa shemeji yangu anafuga samaki Kajjansi, ana kile kiboksi cha kupimia maji ya bwawa, unatia maji kwenye kachupa, unaongeza dawa, fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, ikiwepo maji yanageuka bluu, na bluu ikizidi kukolea ujue ndo iko nyingi. Akaniambia shemeji usiamini macho, tupime. Tukachota maji yanayoingia, tukayaacha yatulie usiku kucha, tukachota na yanayotoka. Ya kuingia yakawa bluu ya mbali. Ya kutoka, yale meupe niliyopigia picha, yakawa bluu nzito kama wino. Tukarudia mvua tatu, jibu lile lile.

Nilikosa raha kweli. Kumbe fosforasi kwenye maji ya mvua iko ya aina mbili, kuna ile iliyoshikana na chembe za udongo, hiyo mchanga na shimo la kutuliza vinaikamata vizuri tu, na kuna ile iliyoyeyuka, hiyo inapita kwenye mchanga kama chumvi inavyopita kwenye chujio la chai. Kule Minnesota, Marekani, ambako wamelishughulikia hili miaka mingi, wanahesabu kwa wastani karibu nusu ya fosforasi ya maji ya mvua ya mjini ni hiyo iliyoyeyuka, na ndiyo mwani unaila mara moja bila kungoja. Halafu ile mboji waliyotia ili maua yanawiri ina fosforasi yake kibao, kila mvua inaoshwa inatoka, kwa hiyo nilikuwa nalipia kuongezea ziwa chakula.

Niliwapigia. Yule fundi mkuu akasema, "Mama, mboji tunaweka kwa kila mteja, bila hiyo maua yanakufa." Sikumgombeza, nikamwambia mimi sikununua maua. Wakarudi, kwa hela nyingine lakini, hapo ndo ninapowakata nyota, maana kosa la mchanganyiko halikuwa langu.

Safari hii tulitoa udongo wote wa mboji tukaweka mchanga uliochanganywa na chenga za chuma. Dawa ndo hiyo, chuma kikipata kutu ile kutu inaishika fosfeti iliyoyeyuka na kuibana. Kipimo ni kilo 5 mpaka 8 za chuma kwenye kila kilo 100 za mchanganyiko, ukizidisha sana linaganda na maji hayapiti. Chenga nilizipata kwa mafundi wa vyuma Katwe, zilikuwa na oili, tukazifua kwa maji moto mara mbili kabla ya kuchanganya na sepetu. Mtu mwingine aliniambia niweke udongo mwekundu wetu kwa sababu una chuma ndani, ni kweli unashika kiasi, ila ukilowa unajikaza na kichujio kinaziba.

Na kuna kosa lingine lilikuwa dogo kwa macho, mdomo wa paipu walikuwa wameuinua ili maji yabaki ndani kunywesha maua. Na chuma kikikaa majini bila hewa kinaachia tena kile kilichoshika, kwa hiyo tuliushusha, sasa kati ya mvua na mvua kichujio kinakauka kabisa. Jirani chini yangu ana bwawa la kutulizia, nalo linakamata matope vizuri, lakini iliyoyeyuka inapita, na matope ya chini yakikosa hewa wakati wa joto yanarudisha fosforasi majini.

Tumepima tena mvua za Oktoba na Novemba. Ya kuingia bluu, ya kutoka unalazimika kuweka kachupa juu ya karatasi nyeupe ndo uone kama kuna rangi. Maua sina, kuna nyasi kidogo pembeni, sawa tu.

Kwa hiyo ufundi nyota 5, mchanganyiko wa kwanza nyota 1, marekebisho nyota 4. Ukiwaita waulize kabla ya kulipa, mboji mtatia? chuma mtatia? mdomo wa paipu utakuwa wapi? Kashimo ka matope mimi nakatoa kwa ndoo kila wiki mbili msimu wa mvua, na mavi ya kuku yanafagiliwa asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika upande wa ziwa. Kachupa ka shemeji bado nimekakalia, nitapima tena Machi mvua zikianza.