Waridi la jangwani la kitaluni: nunua mche wa mbegu, tupa udongo wake

Vitaluni utakuta miche ya aina tatu ya waridi la jangwani (Adenium obesum): wa mbegu, wa pingili (kipande cha tawi kilichopandwa) na wa kubebesha (kipande cha mmea mmoja kilichounganishwa kwenye shina la mwingine). Wa mbegu ndio unaostahili pesa. Ukiuona mmea huu porini, huhitaji kuambiwa kwa nini.

Makazi yake ya asili yanaanzia Senegali, yanafuata ukanda wa Saheli hadi Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, kisha yanavuka bahari hadi Yemen na Oman. Kwenye nyika kavu kama za Samburu na Tsavo huota penye changarawe na miamba, mizizi imejibana katika nyufa, maji ya mvua yanapita bila kutuama. Sehemu ya chini ya shina huvimba kama mtungi, na humo ndimo maji ya kiangazi yanamowekwa. Majani hupukutika yote, matawi yanabaki ya kijivu, mafupi, manene kama vidole. Na mara nyingi ni wakati huo huo ncha zake hufunguka maua ya petali tano, kingo nyekundu, katikati yamefifia hadi karibu meupe. Hakuna ua la nyika linalofikia uzuri huo.

Mche wa mbegu huanza kujenga tumbo hilo tangu ungali mdogo. Pingili hushika mizizi vizuri tu, lakini shina hubaki jembamba kwa muda mrefu. Mche wa kubebesha una faida yake: rangi unayoiona dukani ndiyo utakayopata, hata yale maua ya petali rundo, ilhali mbegu haiahidi rangi. Lakini kovu la kiungo huonekana, na kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo lazima likatwe mapema, la sivyo shina mama litaipokonya nguvu sehemu iliyobebeshwa.

Kabla ya kulipa, bonyeza tumbo kwa kidole gumba. Likiwa gumu kama kiazi kibichi, chukua. Likibonyea kidogo pande zote na ngozi imekunjamana, lina kiu tu, maji yatalirudisha. Likibonyea mahali pamoja, ngozi imekuwa nyeusi na inatoa majimaji, huko ni kuoza, uache hapo hapo. Fukua na shingo pia, pale shina linapokutana na mizizi, maana kuoza kwingi huanzia chini ya udongo, pasipoonekana.

Kasoro kubwa ya miche hii ni udongo inaouzwa nao. Mingi hukaa katika vumbi la makumbi ya nazi tupu, ambalo juu hukauka na ndani hubaki limelowa kama sponji. Ung'oe mche, kung'uta vumbi lote, kata mizizi iliyolainika kwa kuoza kwa kisu kilichopanguswa spiriti, kisha uuache kivulini siku 3 hadi 7 vidonda vikauke. Pandia mchanganyiko wa sehemu 2 za kokoto ndogo (bora mawe mepesi ya volkano), 1 ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa na 1 ya mboji iliyoiva. Chungu kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu, chenye matundu ya kutosha. Usimwagilie kwa wiki moja. Kila unapouhamishia mmea chungu kipya, upande juu kidogo, kama sentimita 2, tumbo lizidi kujitokeza.

Baada ya hapo, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu ngoja udongo ukauke. Mmea unataka jua la moja kwa moja saa 6 au zaidi. Baridi ya chini ya nyuzi 10 huuumiza. Mbolea yenye nitrojeni nyingi huzaa matawi marefu yasiyo na maua. Vidukari vya manjano hukusanyika kwenye ncha changa, na majani yenye madoadoa na utando chini yake ni kazi ya utitiri mwekundu.

Vaa glavu unapokata. Utomvu wake ni sumu ya moyo, ile ile iliyopakwa kwenye mishale ya wawindaji Afrika Mashariki. Weka mbali na watoto na mbuzi.

Mmea mkubwa wenye mizizi iliyokatwa butu na makovu ya jembe umeng'olewa porini. Usiununue: nyika inapoteza mti wa miaka mingi, nawe unabaki na tumbo lililopoteza mizizi yake midogo, ambalo huoza kirahisi.

Miche miwili ya mbegu ikichanua pamoja, ichavushe kwa brashi nyembamba. Maganda hutoka mawili mawili kama pembe. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, kwani kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo huichukua. Mbegu mpya, kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30, huota kwa takriban wiki moja.