Vifaa vya zamani vya kupimia macho: ukiwa Tanga, anza na kioo chenye tundu

Hewa ya chumvi hapa kwetu Tanga inakula shaba, na unyevu unaotesha ukungu kwenye lenzi. Ndiyo maana navipanga vifaa hivi kwa jinsi vinavyoihimili bahari, si kwa umri wake.

Namba moja naipa ofthalmoskopu ya kioo, ile isiyo na betri. Daktari alikielekeza kioo kwenye taa, mwanga ukaingia mbonini, naye akachungulia kupitia tundu la katikati. Mwanasayansi Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa chake mwaka 1851 huko Ujerumani. Kabla ya hapo madaktari hawakuwa na njia ya kuona vizuri ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mimi nikikishika bado nasisimka. Tafuta aina ya Loring, yenye kisahani cha lenzi. Kizungushe uone kama kila lenzi inasimama sawasawa mbele ya tundu. Kisha simama mlangoni, urushe mwanga wa jua ukutani, kamwe si usoni kwa mtu: ukipata duara safi lenye doa jeusi katikati, kioo ni kizima. Ukiona mabaka, acha. Kilichosuguliwa kwa ndimu au ukwaju nacho kikupe wasiwasi, maana jina la mtengenezaji huwa limeshafutika.

La pili ni sanduku la lenzi za kupimia miwani. Muuzaji atakwambia, "Chukua mjomba, limetimia." Hesabu nafasi zilizo wazi. Halafu sogeza lenzi mbele ya jicho lako: vitu vikienda nayo upande mmoja ni hasi, vikienda kinyume ni chanya. Linganisha na alama iliyochongwa kwenye pete, kwani lenzi nyingi hurudishwa pasipo pake.

Tonomita ya Schiøtz, kifaa cha kupima presha ya ndani ya jicho, ya mwaka 1905, ni ya tatu. Iweke juu ya kitufe chake cha chuma. Mshale usome sifuri. Vipimo vyake vya uzito, gramu 7.5 na 10, hupotea sana. Ni ya kutunza kabatini tu: hugusa jicho lenyewe, usijaribu kumpima mtu.

Ofthalmoskopu za umeme naziweka mwisho. Betri iliyovuja humaliza mpini kwa ndani, na balbu yake utaitafuta mpaka uchoke.

Ukishanunua, usiziache lenzi ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na masika moja tu yanatosha kuziharibu.