Kopo la "kinga ya mbegu" kutoka William Street

Nauza vitenge hapa Busia, upande wa Uganda, kwa hiyo bidhaa naigeuza nyuma kabla ya kuuliza bei. Kopo hili la vidonge vya kulinda mbegu za kiume nililigeuza, nikalisoma, nikalinunua: shilingi 185,000 kwenye duka moja la dawa William Street, Kampala. Vidonge 60. Jina siliandiki, maana makopo ya aina hii ni mengi na ndani ni vitu vilevile: vitamini C, vitamini E, zinki, seleni, kanitini, asidi ya foliki na likopeni.

Mume wangu ni dereva wa trela, Mombasa hadi Juba. Ana baridi yabisi ya vidole na magoti, na dawa iliyomrudisha kwenye usukani ni sulfasalazini. Mtoto wa kwanza tulimpata kabla hajaianza. Wa pili akagoma kuja, maneno yakaanza, na kama kawaida yakaanzia kwangu. Wifi akaniletea mizizi, nikashukuru, nikaiweka juu ya kabati; mimi nilishapimwa na sina tatizo. Mume wangu akaenda mwenyewe kupima manii (wanaume wa barabarani msiogope, ni kikopo tu na chumba chenye kitasa). Mbegu milioni 6 kwa mililita, zinazotembea asilimia 20. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka kiwango cha chini cha kulinganishia kuwa milioni 16 na asilimia 42.

Sulfasalazini inajulikana kwa jambo hili tangu miaka ya 1970. Hupunguza idadi ya mbegu na mwendo wake, na dawa ikiachwa hali hurudi baada ya miezi miwili mitatu hivi. Hapo ndipo kopo linapojiuza. Kijikaratasi kinasema baadhi ya dawa huzalisha chembe za oksijeni zenye fujo. Ganda la mbegu lina mafuta laini yanayoharibika upesi chembe hizo zikiyagusa. Antioksidanti, yaani vitu kama vitamini C na E vya kopo hili, huzizima kabla hazijafika. Hadi hapo hakuna uongo. Mstari wa chini ndio ulionichefua: "Imethibitishwa kulinda uzazi wa mwanaume anayetumia dawa kali."

Imethibitishwa kwa nani? Nikampigia mtoto wa kaka yangu anayesoma ufamasia Makerere. "Kwa panya, shangazi." Panya hupewa dawa za saratani kama sisplatini, siklofosfamidi au methotreksati, wengine wakaongezewa vitamini E au kitu cha namna hiyo, kisha korodani zao hutazamwa kwa hadubini. Mara nyingi waliopewa kinga huonekana hawajaharibika sana kama wenzao. Sawa, lakini panya haendeshi trela.

Kwa binadamu alinisomea majaribio mawili ya Marekani yaliyotoka 2020. Moja, MOXI, lilitumia vitu karibu vilevile vya kopo langu: mbegu hazikuboreka, wala mimba hazikuongezeka. Jingine lilikuwa na jozi 2,370 za wenzi, wanaume wakipewa zinki miligramu 30 na asidi ya foliki miligramu 5 kila siku kwa miezi 6. Waliopata mtoto hai ni asilimia 34 kwa vidonge halisi na 35 kwa vidonge bandia visivyo na dawa, na wa vidonge halisi ndio waliolalamika tumbo zaidi. Wanaume hao hawakuteuliwa kwa sababu ya sulfasalazini, kwa hiyo si jibu kamili la swali langu. Lakini mwenye kijikaratasi angeweza kuwataja baada ya panya wake.

Sasa vidonge vyenyewe. Ni vikubwa kama kokwa la fenesi, na ukikipasua unatoka unga wa rangi ya chungwa unaoshika vidole. Zinki kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu: alikimeza alfajiri kwa chai ya rangi, akapaki Bugiri akitapika. Kanitini nayo inaweza kumfanya mtu atoe harufu ya samaki mwilini. Tanboi wake aliuliza kwa adabu kabisa kama kuna mukene (dagaa) ndani ya kabini.

Kijana wa dukani alinishauri nimpe mara mbili ya kipimo "apate haraka". Lebo inasema vidonge viwili kwa siku, vyenye seleni mikrogramu 200. Mara mbili yake ni 400, na hiyo ndiyo dari ya mtu mzima kwa siku kwa viwango vya Marekani, chakula kikiwemo. Ukiizidi kwa muda mrefu nywele zinadondoka na kucha zinakatika. Dukani kwangu, kijana akimshauri mteja hivyo hauzi tena.

Halafu ile ahadi ya "mabadiliko ndani ya siku 30". Mbegu hutengenezwa kwa takriban siku 74, kisha hukomaa wiki mbili hivi kabla ya kutoka. Kopo moja haliwezi kuonyesha kitu, kwa hiyo tuliongeza mengine mpaka kipindi hicho kikatimia, sulfasalazini ikiendelea. Kipimo: milioni 7, mwendo asilimia 22. Baadaye daktari wake wa viungo akambadilishia dawa (hakuiacha kienyeji, baridi yabisi isiyotibiwa inakula viungo), vidonge tukaviacha, tukasubiri kipindi kilekile. Milioni 29, mwendo asilimia 45. Mwanaume mmoja si utafiti, lakini pesa zilizotoka ni zangu, na ninajua zilienda wapi.

Wanaojidunga testosteroni jimu wasilinunue kabisa: hapo ubongo umeacha kuziagiza korodani zitengeneze mbegu, na antioksidanti hazirudishi agizo hilo. Anayesubiri dawa za saratani amuulize daktari kuhusu kugandisha mbegu kabla ya dozi ya kwanza. Kampala huduma hiyo ipo. Wengine anzeni na kipimo cha manii. Sisi kilitugharimu chini ya nusu ya bei ya kopo.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya lebo, kwa kuandika vipimo vyote bila kuficha. Ya pili ni ya kifuniko, ambacho mtoto wangu amekihangaikia mchana kutwa na hajakifungua.