Mwamuzi aliyetufutia penalti, na kwa nini nitamwita tena

Mimi ni meneja wa timu ya mtaa hapa Mtwara mjini. Fainali ya ndondo yetu, mashindano ya mpira wa mtaani, tuliicheza baada ya malipo ya korosho kutoka, zawadi mbuzi wawili na seti ya jezi. Tukakodi waamuzi watatu kwa shilingi 90,000, nauli juu yetu. Kila timu ilitoa nusu, hela ikakaa kwa mwenyekiti wa kamati kabla ya siku ya mechi. Sharti hilo alilitoa mwamuzi wa kati mwenyewe kwa simu, na nikiri, mwanzoni niliona anatuchosha.

Mwaka wa nyuma tulimchukua mtu mwingine. Alifika mapema, akala wali samaki nyumbani kwa kiongozi wa wapinzani wetu, na jioni dakika za nyongeza zikawa haziishi mpaka bao lao likapatikana. Vijana wangu walilia. Wawili hawajarudi mazoezini hadi leo. Kwa hiyo safari hii macho yangu yalikuwa kwa mwamuzi kuliko kwenye mpira.

Alikuja na saa mbili mkononi na kidaftari mfukoni. Akatikisa nyavu za magoli yote, akakuta tundu kwenye goli la upande wa minazi, akasimama palepale mpaka likashonwa kwa kamba ya katani. Mdhamini wetu mmoja akamsogezea elfu ishirini "ya maji". Akawaita manahodha wote wawili, akamrudishia noti zake mbele yao. Niliona aibu, maana yule alikuwa mtu wetu.

Dakika ya 78, matokeo 1-1, beki wao akazuia krosi na filimbi ikalia: mkono, penalti yetu! Wapinzani wakamzonga, hakuwajali. Lakini alimwona mshika kibendera wake amesimama tu. Akamfuata. Nilikuwa karibu, nikasikia: "Umeona nini?" "Goti, kaka." Akaifuta penalti, akamdondoshea mpira kipa wao. Sheria inaruhusu, maadamu mchezo haujaanza tena. Uwanja mzima ukamzomea. Akamwambia nahodha wetu, "Nimekosea mimi, mwanangu. Ni goti."

Nikamkumbuka mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana. Novemba 2016, Afrika Kusini na Senegal, mpira ulimgonga Koulibaly, beki wa Senegal, gotini, Lamptey akatoa penalti ya mkono. Afrika Kusini wakashinda 2-1. FIFA ikamfungia maisha kwa kuharibu matokeo, mechi ikarudiwa Novemba 2017, Senegal wakashinda 2-0 na kufuzu Kombe la Dunia. Goti lilelile. Huku kwetu aliyesahihisha ni mwenye filimbi mwenyewe, dakika hiyohiyo, huku watu wanamtukana.

Tulifungwa 2-1. Bao lao halikuwa na doa, nililiangalia vizuri.

Kasoro zipo. Mshika kibendera mmoja alichelewa dakika 25 akitokea Mikindani, tukaanza jua linashuka. Na ripoti ya mechi ilitufikia siku ya nne, wakati kulikuwa na kadi nyekundu ya kujadili. Kwa hela ile, kesho yake ingekuwa mezani.

Mwenyekiti wa kamati nimeshamwambia: akija huyuhuyu msimu ujao, nusu yetu, shilingi 45,000, iko tayari.